Pale Tela Lilipokamata

Baba yangu aliendesha Fiat yenye tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nilipokuwa mdogo nikimfuata gereji, alinifundisha kwamba magari ya mizigo ni ya aina mbili tu, pulingi na semi. Pulingi hulivuta tela lake kwa mkono wa chuma. Tela hilo lina magurudumu mbele na nyuma, linajitegemea, linafuata tu. Semi hubeba: nusu ya tela imemkalia mgongoni. "Mwanangu," alikuwa akisema huku akifuta mikono kwa tambara, "urefu wa tela usikutishe. Tazama pale lilipokamata."

Sasa naishi Goshen, jimbo la Indiana, Marekani, na riziki yangu yote inategemea pale tela lilipokamata. Nina pikapu ya dizeli ya magurudumu sita, manne yakiwa nyuma, na kazi yangu ni kuchukua nyumba za safari kutoka viwanda vya kaunti ya Elkhart na kuzifikisha kwa wauzaji Nebraska, Texas, wakati mwingine hadi Oregon. Dada yangu kule Makambako aliniuliza kwenye simu, "Kaka, yaani mtu ana nyumba yake, halafu ananunua nyingine ya kuburuta?" Ndiyo, dada. Ina vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na bafu, na ukuta mmoja unasukumwa nje kwa mota ili sebule ipanuke mkishafika. Ya kawaida ina mita tisa au kumi na uzito wa tani nne. Zile kubwa hufika tani saba.

Mjini Elkhart kuna jumba la makumbusho la nyumba hizi, kando ya barabara kuu ya kulipia, na kila ninapopata siku bila mzigo napenda kwenda pale. Wageni hukimbilia gari la mwaka 1931 lililotengenezwa kwa ajili ya Mae West, mwigizaji wa sinema. Mimi husimama mbele ya tela la mwaka 1913 liitwalo Earl, lililofungwa nyuma ya Ford ya Model T. Ni kijisanduku tu, na ndivyo kilivyopaswa kuwa, kwa kuwa injini ya Ford ile ilikuwa na nguvu za farasi 20. Kila historia ya kuvuta inaanzia kwenye hesabu hiyo: mvutaji dhaifu, mzigo mwepesi.

Waliofuata walikuwa wengi. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wasafiri wa magari waliolala kwenye mahema na visanduku vyao waliunda chama, wakajiita Tin Can Tourists. Alama yao ilikuwa kopo la bati lililochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza pikapu iliyotoka kiwandani ikiwa tayari na bodi yake, lakini hiyo ilinunuliwa na wakulima na mafundi. Wenye kuvuta nyumba walivuta kwa magari ya familia, na walifanya hivyo kwa miaka hamsini zaidi.

Kisha kuna mkasa wa Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria aliyeongoza kampuni ya dawa huko Detroit. Mwaka 1929 alinunua tela la hema ambalo muuzaji aliahidi kwamba hukunjuliwa kwa dakika chache. Mvua iliwakuta njiani, hema likawashinda, familia nzima ikalowa. Sherman akaagiza kisanduku cha kuta ngumu, kisicho na cha kukunjua. Watoto wake wakakiita Covered Wagon, kwa jina la mikokoteni ya walowezi. Januari 1930 alikipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, na kufikia mwaka 1936 kiwanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya matela ya safari nchini.

Sherman alifikiria kuta. Mtu ninayemheshimu zaidi ni yule aliyefikiria kiungo, naye ni Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege. Alipenda kwenda kuwinda na kupiga kambi, na alijua kwamba kufunga tela nyuma ya bampa ni kulipatia nafasi ya kuliyumbisha gari. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Florida, akatengeneza tela aliloliita Aerocar, na kiungo chake hakikuwa nyuma ya gari. Alichukua gurudumu la ndege lenye tairi ya upepo, akalilaza chali nyuma ya kiti cha dereva, na pini ya tela ikazama katikati yake. Uzito ukashuka juu ya gari lenyewe, mishtuko ikamezwa na mpira. Curtiss alifariki mwaka 1930, na Aerocar ilikuwa ghali, ikabaki ya matajiri. Nilipoelewa mchoro ule kwa mara ya kwanza nilitamani kumpigia baba simu, lakini alikuwa ameshafariki. Curtiss alikuwa amegundua semi ya nyumba.

Elkhart yenyewe iliingia kwenye biashara hii katika miaka ya 1930. Ulikuwa mji wa reli na wa tarumbeta. Kampuni ya Conn ilikuwa ikitengeneza hapa ala za bendi za shaba tangu karne iliyotangulia. Mafundi wa bati na mbao walikuwepo, Chicago ilikuwa karibu, na mtu mmoja aitwaye Milo Miller, muuzaji wa kuzunguka, alianza kutengeneza matela. Wilbur Schult akainunua kazi yake mwaka 1936 na kuikuza. Wengine wakajifunza kwa Schult, wakatoka, wakafungua viwanda vyao. Hivi sasa zaidi ya nyumba nane kati ya kumi za aina hii nchini Marekani zinatoka Elkhart na jirani zake.

Vita vya Pili vya Dunia viliwafundisha Wamarekani kuishi kwenye matela mwaka mzima, maana wafanyakazi wa viwanda vya silaha hawakuwa na mahali pa kulala. Baada ya vita njia zikaachana. Mwaka 1954 Elmer Frey wa Wisconsin alitoa tela lenye upana wa futi kumi, na tela hilo halikukusudiwa kusafiri; lilipelekwa mara moja, likawekwa, likawa nyumba. Yaliyobaki membamba yakaendelea kutembea. Wengi wanaziona biashara hizi mbili kama moja. Sisi wavutaji hatuwezi, maana tela la kusafiri linalipwa fadhila na barabara au linaadhibiwa nayo kila siku.

Hapa lazima nimtaje Wally Byam, mwenye matela ya Airstream yale ya alumini yanayong'aa kama sufuria mpya. Alianza kutengeneza matela California mwaka 1931. Mwaka 1951 aliongoza msafara kwenda Amerika ya Kati: matela 63 yaliondoka, 14 yakafika Managua. Mtu mwingine angekata tamaa. Byam mwaka 1959 akapeleka matela 41 Cape Town, akayaelekeza Cairo. Msafara ulipita Rhodesia, ukaingia Kongo ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji, ukapita Uganda na Kenya, ukaingia Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na mwaka 1960 wakapiga picha matela yakiwa yamepangwa mbele ya piramidi za Giza.

Nimezitazama picha za safari ile kwa saa nyingi, na macho yangu huenda kwenye magari yaliyovuta. Mengi ni pikapu. Byam alikuwa ameshajifunza Amerika ya Kati kwamba gari la familia, hata liwe kubwa, springi zake za nyuma hazivumilii mkono wa tela kwenye mashimo. Gari linalokusudiwa kubeba magunia lilivumilia. Hivyo somo kubwa la kuvuta nyumba kwa pikapu, ambalo Wamarekani walio wengi walilipata nyumbani kwao miaka kumi na tano baadaye, lilikuwa limeshafanyiwa mtihani kwenye udongo wetu. Natazama pia watu waliosimama kando ya barabara katika picha hizo, akina baba na watoto wa Kongo na Kenya. Naijua ile barabara ya masika. Najua mikono huwa inatoka wapi gari likizama. Majina yao sikuyaona popote, na inaniuma, kwa sababu ningependa kuyaandika hapa.

Huku Marekani, waliovuta kwa magari ya familia walisaidiwa na kifaa kilichoenea miaka ya 1950: fito mbili za springi chini ya kiungo. Tela likikalia tufe la chuma nyuma ya gari, kisogo kinashuka na pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Fito zile, zikikazwa kwa minyororo, zinafanya kazi kama mtu aliyeshika mikono ya toroli na kuinyanyua: uzito unarudi mbele kwenye magurudumu ya usukani na sehemu nyingine inarudi kwenye ekseli za tela. Bado tunazitumia. Lakini hazifanyi muujiza. Tela la aina hii linataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikalie tufe. Kwa tani nne hizo ni kilo 400 hadi 600. Ikipungua, tela linapiga mkia.

Najua kwa kuwa nililipigisha mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikubali kubeba betri na vyuma vya vitanda, nikavipanga chumba cha nyuma kwa kuwa mlango ulikuwa karibu. Pua ya tela ikawa nyepesi na sikuipima. Wyoming, karibu na Elk Mountain, ambako upepo hauna adabu, lori likanipita, tela likayumba kushoto, likarudi kulia kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu nikaliona lote kwenye kioo cha pembeni, kama mtu anayetaka kunipita. Mguu ulitaka breki. Breki ya gari ingelikunja. Nikaachia mafuta, nikasukuma kidole kwenye kitufe cha breki za tela peke yake, likanyooka. Nikaegesha kando, nikavihamishia vyuma vyote mbele huku mikono ikitetemeka. Nilikuwa nimeshaambiwa nikiwa na miaka tisa nitazame wapi.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, foleni zikajaa kwenye vituo vya Marekani na viwanda vya Elkhart vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1975 sheria ya matumizi ya mafuta ikapitishwa. Magari ya familia yakapunguzwa, yakapoteza ile fremu nzito ya chini iliyowezesha kuvuta. Pikapu zilipewa masharti mepesi zaidi, zikabaki na fremu zao. Wanaodhani Mmarekani alichagua pikapu kwa mapenzi watazame mwaka huo. Mwenye tela hakuwa na gari jingine la kukimbilia.

Na pikapu ilikuwa na kitu ambacho gari la familia halikuwahi kuwa nacho: bodi tupu juu ya ekseli ya nyuma. Mahali pale pale Curtiss alipolaza gurudumu lake. Mafundi wakafunga pale sahani ya chuma yenye grisi kama ya malori, pini ya tela ikaingia, na nyumba ikaanza kupanda juu ya pikapu kwa chumba cha kulala kilichoning'inia mbele. Hapo karibu sehemu ya tano ya uzito inakaa juu ya ekseli, na mkia unatulia. Mwaka 1973 General Motors ilitoa pikapu ya milango minne yenye magurudumu manne nyuma. Mwaka 1989 Dodge ikaweka injini ya dizeli ya Cummins, silinda sita, lita 5.9, nguvu za farasi 160, kutoka kampuni ya Columbus, hapa hapa Indiana. Farasi 160 ni wachache; kinachovuta ni msukumo wa chini, na dizeli ile ilikuwa nao kama lori. Kazi yangu mimi, mtu mmoja na pikapu yake kupeleka nyumba ya tani saba umbali wa kilomita elfu tatu, haikuwezekana kabla ya hapo.

Wanaozijenga nyumba hizi ni watu wengi, lakini siwezi kunyamaza kuhusu Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani. Lloyd Bontrager, aliyekulia katika familia ya Kiamishi, alianzisha Jayco mwaka 1968 kwenye shamba lake Middlebury, ndani ya mabanda ya kuku. Waamishi hawamiliki magari. Huenda kiwandani kwa baiskeli kabla hakujapambazuka, na mchana wameshamaliza zamu. Mikono yao ninaiamini. Droo ya Muamishi haifunguki njiani. Februari 2009 Rais Barack Obama alipokuja Elkhart, ukosefu wa kazi ulikuwa umevuka asilimia 15 kutoka karibu asilimia 5 mwaka mmoja nyuma, na hata wao walirudi mashambani. Madereva wazee wanaukumbuka mwaka huo kwa ukimya wa yadi.

Asubuhi ninapoandika haya nina tela la mita 12 kwenda Amarillo. Kijana wangu ana miaka kumi na sita, nimemchukua anisaidie kufunga. Amezaliwa hapa, Kiswahili chake kina makovu, lakini maneno ya yadi nimempa yote. Anasimama nyuma na tochi, baridi inamtoa moshi mdomoni, anaita: "Lete! Lete! Kata kulia, baba. Nyoosha. Lete kidogo... Weka!" Pini inagonga sahani, taya zinafunga. Anainama na tochi kutazama kama zimefunga kweli, bila mimi kumwambia. Kisha nabana breki za tela peke yake na kulisukuma gari mbele taratibu, kuona kama litaachia. Baiskeli tatu zinapita barabarani, taa zao ndogo mbele. Halikuachia.