Huzuni (neno)

Huzuni ni nomino ya Kiswahili inayotaja uzito wa moyo unaomjia mtu kwa kufiwa, kuachwa, kukosa alichokitumaini au kumwona mwenzake akiteseka. Imo katika ngeli ya I-/ZI-, na vitenzi vyake ni huzunika na huzunisha. Asili yake ni Kiarabu, ḥuzn. Waislamu hulikuta katika sura ya Yusuf, pale macho ya Nabii Yaakub yanapoharibika kwa kumlilia mwanawe, na katika jina la Mwaka wa Huzuni, takriban 619, Mtume Muhammad alipofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib.

Kiurdu nacho kilipokea huzn, ila neno hilo likabaki la vitabuni na la washairi. Kinachosemwa kila siku ni gham, nalo la Kiarabu, au udasi, lenye asili ya Kisanskriti. Kwetu Waswahili mambo yakageuka: huzuni ikaenea hadi kwa mtoto wa shule, na ghamu ikakaa zaidi katika ushairi. Hata hivyo watazamaji wengi wa filamu za Kihindi wamelisikia gham, maana limo katika jina la filamu ya Karan Johar ya 2001, Kabhi Khushi Kabhie Gham, yaani mara furaha, mara huzuni. Mwenye Kiurdu husema "anakula gham", kama sisi tunavyosema mtu amekula hasara.

Neno la Kiingereza sad limetoka mbali zaidi. Zamani lilimaanisha aliyeshiba. Baadaye likawa la mtu mzito, kisha mtulivu asiye na mzaha, na mwishowe mwenye huzuni. Ni kivumishi: Mwingereza husema yeye mwenyewe ndiye sad. Mswahili ana huzuni, au huzuni imemwingia, imemjaa, imemshika. Ni kitu kinachokuja, na kilichokuja chaweza kuondoka. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanaofasiri neno kwa neno.

Mipaka ya neno huzuni huonekana vizuri msibani. Mandawa na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, ni nchi ya Wamwera hasa, na Kiswahili kinaishi humo pamoja na Kimwera. Kama kwingi nchini Tanzania, kifo humo kina msamiati wake: msiba, matanga, rambirambi, arobaini, na eda ya mjane wa Kiislamu ya miezi minne na siku kumi. Anayefika msibani haulizi habari za huzuni. Husema "poleni na msiba", akaketi na wafiwa. Tanzia za redioni nazo hutumia kitenzi kingine: familia "inasikitika kutangaza kifo". Wakatoliki nao, katika rozari, husali Matendo ya Uchungu, si ya huzuni. Huzuni hubaki kuwa jina la kilichomo moyoni, wakati majonzi na simanzi husikika zaidi pale watu wengi wanapoomboleza pamoja.

Huzuni haipaswi kuchanganywa na sonona, jina ambalo wataalamu wa afya wa Tanzania huupa ugonjwa wa akili unaoweza kumnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kazi kwa wiki nyingi, hata pasipo msiba wowote. Mfiwa huhitaji watu wa kukaa naye. Mgonjwa wa sonona huwahitaji hao pamoja na tiba.