Siku Inaanza Saa Ngapi?

Ukitaka kusoma historia ya saa unaweza kuanzia kwenye minara ya makanisa ya Ulaya, kama vitabu vingi vinavyofanya. Mimi nimeisoma kwenye bodi ya plastiki yenye matundu, nikibuni saketi ya saa ya alamu ya kuweka kando ya kitanda cha bibi yangu. Saketi yenyewe haina makuu: mikrokontrola, chipu ya kuhesabu muda, kristali, skrini ya namba, kitufe, na king'ora kidogo. Ila kila kipande kimekuja na uamuzi ambao mtu mwingine alishaufanya zamani.

Chukua kristali. Ni kikopo cha bati chembamba, na ndani yake kuna kwatzi iliyochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba kristali za aina hii zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikajulikana kwamba na kinyume chake ni kweli: ukiipa umeme, inajikunja. Mwaka 1927, huko Bell Labs Marekani, Warren Marrison na J. W. Horton wakatumia mtetemo huo kuendesha saa. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko wakaanza kuuza Tokyo saa ya mkononi ya kwatzi, Astron. Ya kwangu inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana ya kuokoteza mpaka uanze kuigawa kwa mbili. Igawe mara kumi na tano, unabaki na moja. Sekunde ndiyo hiyo, basi. Hakuna uchawi.

Ninapenda kristali kwa sababu haina subira na fundi mzembe. Ukiiweka mbali na chipu, nyaya zake zinageuka antena, zinaokota kelele za umeme za nyumba nzima na saa inaanza kukimbia. Kwa hiyo inakaa karibu kabisa na miguu yake miwili, na hakuna waya mwingine unaopita chini yake.

Halafu kuna suala la umeme kukatika. Saa nyingi za zamani za kuchomeka ukutani hazikuwa na kristali. Zilihesabu mawimbi ya umeme wenyewe, kwetu 50 kwa sekunde, na umeme ukirudi zinapepesa 12:00 kama mtu aliyezinduka asijue yuko wapi. Chipu niliyotumia, DS1307 ya Dallas Semiconductor, ina mguu wa betri. Umeme ukikatika inajihamishia kwenye betri bapa ya volti tatu na kuendelea kuhesabu kwa chini ya nusu ya mikroampea, kiasi ambacho betri itaishi miaka. Haina alamu, hilo ni pungufu lake. Lakini ina nafasi ndogo ya kumbukumbu, baiti 56, inayolindwa na betri hiyo hiyo. Humo ndimo nilimoweka muda wa kuamsha. Mikrokontrola inasoma muda, inalinganisha, na ukilingana inafungulia transista inayowasha king'ora. Nimeipa mikrokontrola nayo betri yake, maana saa inayojua muda wa dawa umefika halafu ikashindwa kulia inamsaidia nani?

Ndiyo, dawa. Bibi anakunywa vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Na hapa ndipo saketi iliponigeuzia swali ambalo hakuna aliyelijibu kabla yangu.

Bibi anasoma saa ya mishale bila shida. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, yeye anatazama ng'ambo ya pili, kwenye 2, na kusema saa mbili. Wengi tumelelewa hivyo. Uso wa duara ulitusitiri muda mrefu: saa moja ukutani, wageni wanaisoma huku, sisi tunaisoma kule, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Skrini ya namba haina ng'ambo ya pili. Ikiandika 8:00 imeandika nane, na bibi akiwa peke yake chumbani anaweza kusubiri mpaka saa nane mchana na kidonge mkononi. Wanaosema "si atoe sita tu" wajaribu kutoa sita wakiwa na miaka themanini na kitu, wametoka usingizini, bila miwani.

Hatukuwa wa kwanza kukutana na mashine isiyohesabu kama sisi. Saa za Ulaya ziliingia Japani karne ya 16 pamoja na wamisionari. Wajapani waligawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, wakiyahesabu kuanzia tisa kushuka hadi nne, na kwa kuwa kwao mchana wa kiangazi ni mrefu, mafungu yalirefuka na kufupika kwa majira. Mafundi wao hawakuigeuza hesabu ifuate mashine. Waliigeuza mashine: wengine wakaweka vidhibiti mwendo viwili, kimoja cha mchana na kingine cha usiku, wengine wakaweka vibao vya namba vinavyosogezwa mwaka ukisonga. Mwaka 1851 Tanaka Hisashige alimaliza saa iliyojisogezea vibao yenyewe. Mwaka 1873 serikali ikaleta saa za Ulaya, na ufundi ule wote ukaenda kukaa makumbusho.

Sisi kazi yetu ni nyepesi zaidi, maana karibu na ikweta jua halina vituko hivyo. Tunahitaji kusogeza saa sita tu. Kuelekea wapi, sasa? Ukirudisha chipu nyuma saa sita, siku mpya inaanza alfajiri. Ukiipeleka mbele saa sita, siku mpya inaanza magharibi. Namba za saa zinazotokea kwenye skrini ni zile zile, tofauti ni siku inageuka lini.

Niliipeleka mbele. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha usiku ule unaoitangulia Ijumaa, na lugha bado inalijua hilo tunaposema usiku wa kuamkia fulani. Na chipu, ambayo waliyoibuni sidhani waliwahi kufikiria pwani yetu, ilikubali bila kuongezewa hata waya mmoja. Ndani yake kuna biti moja ya kutenganisha AM na PM. Ukishaisogeza, biti hiyo ikiwa sifuri ni usiku, ikiwa moja ni mchana. Saa kumi na mbili jioni inageuka yenyewe, na siku ya wiki inapanda pamoja nayo. Siku hizo chipu inazihesabu 1 hadi 7, na ni juu yako kuamua 1 ni ipi. Nikaweka Jumamosi, kama jina lenyewe linavyotaka. Zikaenda sawa mpaka Jumatano, ya tano, halafu Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ikalazimika kuandikwa 6.

Tarehe sikuionyesha. Kadi ya kliniki inafuata usiku wa manane, na sikutaka saa igombane na kadi.

Alhamisi ya kwanza, saa kumi na mbili jioni, skrini iliandika IJUMAA. Bibi aliitazama, akatikisa kichwa, akaniuliza kama simu yangu ni mbovu, mbona bado inasema Alhamisi.