Moyo Wako Unadunda Mara Ngapi kwa Dakika? Hii Hapa Rada

Ukishuka mathree pale Burnt Forest, njia ya kwenda Eldoret, kitu ya kwanza ni baridi. Ya pili ni moyo: beba begi upande kilima kidogo tu, utausikia ukidunda kama ngoma. Tulia, huenda si ugonjwa. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi ina oksijeni kidogo, kwa hivyo moyo unachapa kazi ya ziada. Ukikaa siku kadhaa, mwili huanza kuzoea.

Jinsi ya kujipima

Keti dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usipimie kidole gumba chenyewe, kina mpigo wake. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2.

60 hadi 100

Hii ndio kawaida ya mtu mzima aliyetulia.

Chini ya 60

Kwa wale wakimbiaji wa pande za Eldoret, hata 40 inaweza kuwa poa. Tizi imeupa moyo nguvu, ukisukuma mara moja damu nyingi inatoka. Lakini kama unaskia kizunguzungu, uchovu hauishi ama unazimia, usijiite mwanariadha. Ona daktari.

Juu ya 100

Ukitoka mbio, hiyo ni sawa. Kukadiria kiwango cha juu, chukua 220 utoe miaka yako: msee wa miaka 22 ni kama 198. Shida ni ikibaki juu ukiwa umeketi. Inaweza kuwa homa, woga, kukosa maji mwilini ama upungufu wa damu. Kahawa, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu pia huipandisha.

Usingoje kesho

Namba pekee haitoshi. Angalia na vile unajiskia. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ama kuzimia: enda hospitali saa hiyo hiyo. Pande hizo, hospitali kubwa ya rufaa ni Moi Teaching and Referral, Eldoret. Mpigo ukirukaruka bila mpango, daktari atapima umeme wa moyo. Hauumi, na huchukua dakika chache tu.

Kesho asubuhi kabla utoke kitandani, jipime na uandike namba kwa simu. Ukijua kawaida yako, ikibadilika utashtuka mapema.