Jina la Mawe: Historia ya Mbale, Mavi ya Chuma na Majivu Mlangoni pa Forodha

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida usemi huu huelekezwa kwa mwenye duka. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba unayahusu zaidi mataifa yenye madini, na kwamba daftari la kutazamwa kwanza ni lile ambalo wananchi wengi hawajapata kuliona, yaani kitabu cha ushuru wa forodha. Wako makada wanaokiona kitabu hicho kuwa ni shughuli ya makarani wa bandarini tu. Fikira hiyo si sahihi. Kitabu cha ushuru ndicho kinachotoa jina la kila kitu kinachovuka mpaka, na jina hilo huelekeza kodi itakayotozwa, kibali kitakachohitajika na maswali yatakayoulizwa. Kwa hiyo ni chombo cha siasa.

Kitabu kilitoka wapi?

Zamani kila dola ilikuwa na orodha yake. Tarehe 31 Desemba 1913, mjini Brussels, nchi 29 zilitia sahihi mkataba wa orodha moja ya takwimu za biashara. Orodha ile ilikuwa na vifungu 186 katika mafungu matano: wanyama hai, vyakula na vinywaji, malighafi na vitu vilivyotayarishwa kidogo tu, bidhaa za viwandani, na dhahabu na fedha. Tukumbuke kwamba wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, Uganda na Kenya chini ya Waingereza, na Kongo chini ya Wabelgiji. Nchi hizo zilikuwamo katika biashara ile kama mashimo ya kuchimbwa, wala hazikuwa na sauti yao wenyewe.

Mkataba mwingine ulifuata Brussels mwaka 1950, na tarehe 14 Juni 1983 ukatiwa sahihi ule wa mfumo wa pamoja wa majina na namba za bidhaa, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Mfumo huo ndio msingi wa ushuru wa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005.

Katika mfumo huo, Sura ya 26 ndiyo ya mbale, mavi ya chuma na majivu. Mbale ni mawe au mchanga wenye madini ya kuyeyushwa. Sheria ya sura hiyo inaruhusu mbale kupondwa, kusagwa, kuoshwa na kuelezwa majini ili sehemu yenye madini itengane na mawe matupu, na bado ikabaki ndani ya sura ile ile. Makinikia yamo humo. Lakini mara madini yanapoyeyushwa na kuwa shaba, hata ikiwa bado haijasafishwa, huhamia Sura ya 74. Dhahabu ina nafasi yake katika Sura ya 71. Basi mpaka kati ya sura na sura ni tanuri. Aliye upande wa huku wa tanuri huuza mchanga, na aliye upande wa pili huuza chuma, shaba na dhahabu.

Wenye viwanda wameujua mpaka huo siku nyingi. Desturi ya ushuru wa nchi tajiri imekuwa kupokea malighafi bila ushuru au kwa ushuru mdogo, na kuupandisha kadiri kitu kinavyozidi kutengenezwa. Afrika Mashariki nayo ilijenga ngazi ya namna hiyo mwaka 2005: malighafi bila ushuru, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Kwa hiyo ngazi yenyewe si siri ya mabeberu. Jambo la kuuliza ni nani amesimama kwenye kidato gani.

Mifano mitatu ya kwetu

Wa kwanza ni Mpanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, ambayo ilichanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Tanganyika haikuwa na tanuri, kwa hiyo mali ile iliondoka ikiwa makinikia. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Tukarithi reli na shimo.

Wa pili ni Kilembe, Uganda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikayeyushwa Jinja kwa umeme wa Owen Falls kabla ya kupelekwa Mombasa. Uganda ilikuwa imepanda kidato kimoja. Lakini mabaki yenye kobalti yaliachwa Kasese kama takataka, mvua ikayaosha, na maji yenye tindikali yakaharibu ardhi hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuyatoa kobalti mabaki hayo hayo kwa kutumia bakteria. Kilichoitwa takataka kilikuwa ni mali iliyosubiri ujuzi.

Wa tatu ni Lubumbashi, ambako Union Minière ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kando ya tanuri kulikua mlima mweusi wa mavi ya chuma, ambao wenyeji wa mji waliuona kwa vizazi kadhaa kama sehemu ya mandhari tu. Ndani yake mlikuwa na kobalti, zinki na jemani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuri la umeme lilianza kuuyeyusha mlima huo, na mchanganyiko wa kobalti na shaba ukapelekwa Kokkola, Finland, kusafishwa. Hata takataka yetu ilivuka bahari kwenda kupewa jina la heshima.

Jina pia hudanganya kwa upande mwingine. Mwaka 1986 meli Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, na tani zipatazo 14,000 za majivu ya taka za mji. Mwanzoni mwa mwaka 1988 ilimwaga tani zipatazo 4,000 Gonaïves, Haiti, kwa hati iliyosema ni mbolea. Majivu hayo hayakuondolewa Haiti mpaka mwaka 2000. Mali ya mnyonge huitwa mchanga inapotoka kwake, na takataka ya tajiri huitwa mbolea inapoletwa kwake.

Makinikia ya mwaka 2017

Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yakakaguliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati mbili, za Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa taarifa zake mwezi Mei na Juni. Zilisema kwamba dhahabu na madini mengine yaliyokuwamo yalizidi sana yale yaliyotajwa. Kampuni ilikanusha. Julai mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake. Makubaliano ya Januari 2020 yalizaa Kampuni ya Twiga, Serikali ikipata hisa za asilimia 16 katika migodi na ahadi ya kulipwa dola milioni 300.

Tunajifunza nini? Namba ya forodha ilisema kwamba ndani ya kontena mna makinikia. Haikusema ni gramu ngapi za dhahabu zimo katika kila tani, kwa sababu kazi ya namba ni kutaja aina tu. Kipimo hutolewa na maabara, na mwenye tanuri ndiye anayelipa kwa madini yale ambayo mkataba umeyataja. Nchi isiyo na maabara yake hupokea neno la mnunuzi kama kipimo. Ndiyo maana mabishano ya mwaka 2017 yalikuwa makali: pande mbili zilitazama kontena lile lile na kuona vitu viwili.

Tena tusijidanganye. Zuio peke yake halijengi tanuri. Mwaka 2020 makinikia yalianza kusafirishwa tena. Tanuri hutaka umeme mwingi, makinikia ya kutosha kila siku na mafundi. Na mfano wa Kasese unaonyesha kwamba hata penye tanuri, asiyepima mabaki yake hutupa mali na kuharibu ardhi ya watu wake.

Kwa hiyo kazi ya kada na mwanafunzi si kupiga kelele za kuibiwa tu. Wanafunzi wa kemia na wa sheria wakisome kitabu cha ushuru pamoja, kwa kuwa mmoja hujua kilichomo ndani ya jiwe na mwenzake hujua jiwe hilo litaitwaje. Na kila lundo la mabaki katika kila mgodi lipimwe na kuandikwa katika daftari la taifa kabla mgeni hajaja kuliomba kwa bei ya udongo.