Klishe za watu wa kinga: namna ya kuzisoma na kujua miaka yao

Mu nyumba nyingi za Lubudi, chini ya kitanda ao juu ya kabati, kungali sanduku ya bati yenye klishe za zamani. Foto zenyewe zilikwisha kupotea: moja ilitumwa kwa ndugu mbali, ingine ililiwa na muchwa. Klishe zikabaki, juu hakuna aliyejua kuzisoma. Na mu klishe hizo tunamwona mara nyingi mutu wa namna moja: amesimama pembeni ya kinga yake, mukono ku usukani, anatuangalia.

Jamaa moja ilituletea klishe ya namna hiyo. Walituambia: "Huyu ni muzungu wa kwanza aliyefikisha kinga huku, wakati wa kutengeneza reli." Walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, uso wa mutu ni mweupe na shati yake nyeusi. Ya pili, mbele ya kinga kuko lampe ya karbure, chombo cha zamani sana. Reli ya BCK ilipita Tenke na Lubudi, ikafika Bukama mu 1918. Basi wakahesabu: foto ni ya 1918.

Tukaanza na uso. Klishe inageuza nuru: kilicho cheupe kinaonekana cheusi, kilicho cheusi kinaonekana cheupe. Mutu mweupe mwenye shati nyeusi mu klishe, ni mutu mweusi mwenye shati nyeupe. Kosa hii ni ya bure, lakini imekwisha kuwanyanganya watu wengi bankambo wao. Leo kuigeuza si kazi ngumu: weka klishe mbele ya karatasi nyeupe yenye mwangaza nyuma, piga foto na simu, kisha geuza rangi ndani ya simu.

Kisha tukatafuta upande. Klishe ina upande unaongaa na upande usiongaa. Ukiiangalia kupitia upande unaongaa, foto iko sawa. Ukiigeuza, kushoto kunakuwa kuume. Hapo kinga yenyewe inatusaidia. Munyororo wa kinga uko upande wa kuume wa mwenye kupanda. Kama gurudumu ya mbele inaelekea kuume kwako wewe unayeangalia, lazima uone munyororo wazi mbele yako. Kama umejificha nyuma ya gurudumu, ujue unaangalia klishe kinyume. Tulipoigeuza klishe yetu, herufi za behewa lililokuwa nyuma zikasomeka: B, C, K.

Sasa muwaka. Klishe nyingi za zamani zilikuwa za kioo. Kisha ikaja filimu ya nitrati, tangu 1889, na nitrati ni kitu cha kuwaka moto. Nyuma yake ikaja filimu ya asetati, isiyowaka upesi. Pembeni yake waliandika neno SAFETY, maana yake "usalama". Kompani ya Kodak iliacha kutengeneza nitrati mu 1951. Kwa hiyo rulo ya filimu yenye neno hilo, mara nyingi ni ya miaka ya 1950 ao nyuma yake. Klishe yetu iliandikwa SAFETY, na jina Gevaert, kompani ya Ubelgiji iliyoungana na Agfa mu 1964. Tangu hapo jina likawa Agfa-Gevaert. Basi foto haikupigwa mu 1918. Ilipigwa karibu ya 1950 mupaka katikati ya miaka ya 1960.

Na lampe ya karbure? Hapa njo somo kubwa. Kinga inaishi miaka 30 ao zaidi. Inauzwa, inarithiwa, inabadilishwa mipira. Filimu inaharibika kisha miaka michache tu. Kwa hiyo usipime muwaka wa foto na kitu cha zamani kinachoonekana ndani yake. Tafuta kitu kipya kupita vyote: hicho njo kinaonyesha muwaka ambao foto haiwezi kuutangulia. Muzee wa zamani anaweza kuvaa kofia mupya, lakini kofia mupya haiwezi kuvaliwa mbele haijashonwa.

Tulipoonyesha foto iliyogeuzwa, mama muzee wa jamaa ile akanyamaza. Kisha akasema: "Huyu ni baba." Baba yake alifanya kazi ku kiwanda cha simenti, Cimenkat, kinga aliinunua kwa mufanyakazi mwenzake. Ile foto ilipoteza miaka 30 na zaidi, na ikapoteza sifa ya kuwa ya kwanza. Lakini ilipata jina. Kwetu sisi, hiyo ni faida.

Mu Tervuren, Ubelgiji, wanalinda foto za safari ya Charles Lemaire huku Katanga, ya 1898 mupaka 1900, zilizopigwa na François Michel. Ndugu yetu Sammy Baloji wa Lubumbashi alizichukua foto za zamani za kompani na kutuonyesha wafanyakazi waliosahauliwa. Lakini mutu wa kinga, aliyelipa mupiga foto na franka zake mwenyewe, hana nyumba ya kumulinda. Yuko paka mu sanduku ya bati.

Basi tuangalie mambo haya. Usisogeze klishe karibu na mushumaa wala lampe ya petroli, hata kama kura imekatika: kama ni nitrati, itakuwaka mikononi mwako. Kama imekuwa rangi ya asali na inashikana, itenge na zingine, uiweke inje ya nyumba ya kulala. Kama inanuka siki, ni asetati inayooza. Igeuze na simu upesi. Shika pembeni tu. Weka kila moja mu bahasha ya karatasi, hapana mu plastiki, na uandike jina juu ya bahasha na kalamu ya risasi, mbele ya kutia klishe ndani.

Na zaidi ya yote, muonyeshe wazee sasa. Filimu inatupa miaka, kinga inatupa upande. Jina, ni muzee peke yake anaweza kutupa.