Telegramu kutoka Leavenworth

Juni 2024, namba za wabunge wetu zilipozagaa mitandaoni, nami nilimwandikia wangu. Maneno machache tu: kataa Mswada wa Fedha. Tarehe 25, wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa. Mimi nikabaki na tiki mbili za buluu. Alisoma, basi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi, lakini hilo lililetwa na vijana barabarani, wengine wakiwa wameshauawa, si na ujumbe wangu.

Tangu hapo namfikiria Edmund Ross, seneta wa Kansas. Mei 1868 Seneti ya Marekani ilikuwa ikimhukumu Rais Andrew Johnson kwa kumfukuza waziri wake wa vita, Edwin Stanton, kinyume cha sheria. Hilo lilikuwa juu juu. Chini yake kulikuwa na hatima ya Waweusi waliotoka utumwani juzi tu; mwaka 1866 Johnson alikuwa ameipinga kwa kura ya turufu sheria ya haki zao za kiraia, Bunge likampiku.

Kabla ya kura, Ross alipokea telegramu kutoka Leavenworth. Imetoka kwa D. R. Anthony na "wengine 1,000": Kansas imesikia ushahidi, inataka Rais atiwe hatiani. (Anthony huyu ni ndugu yake Susan B. Anthony, mpigania kura ya wanawake.) Ross akajibu kwamba hatambui haki yao ya kumdai kura yoyote. Tarehe 16 matokeo yakawa 35 kwa 19. Imepungua kura moja. Johnson akapona.

John F. Kennedy alimfanya Ross shujaa katika Profiles in Courage, kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Kitabu kitamu, sikatai. Lakini baada ya kura ile Ross alimwandikia Johnson akiombea watu wake vyeo. Ushujaa gani huo wenye risiti?

Ila kwa jambo moja namwelewa. Wakati ule maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Wananchi walianza kuwachagua wenyewe baada ya mabadiliko ya katiba ya 1913. Wale elfu wa Leavenworth hawakuwa wamempigia kura.

Wangu nilimpigia. Agosti 2022, nilikuwa foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Namba yake bado ninayo.