Mtumishi

Mtumishi ni nomino inayotokana na kitenzi tumika, kama neno mwandishi linavyotokana na andika, na mpishi na pika. Maana yake ya msingi ni mtu anayewafanyia wengine kazi. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Yesu anawafundisha wanafunzi wake kwamba anayetaka ukubwa sharti awe mtumishi. Katika Yohana, sura ya 13, anawaosha miguu.

Nchini Tanzania neno hili lina makao mawili. Makanisani, hasa ya Kipentekoste, mhubiri huitwa “mtumishi”. Serikalini, mwalimu, muuguzi na karani wa masjala ni watumishi wa umma. Kwa Mkristo aliyeajiriwa, maana hizo mbili hukutana kazini: kulitafuta faili la mstaafu mpaka lipatikane, bila kudai “chai”, ni utumishi kwa Mungu na kwa umma pia.

Kanisa Katoliki hutumia “Mtumishi wa Mungu” kwa marehemu ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri umefunguliwa. Julius Nyerere, aliyeiongoza Tanzania hadi 1985, ni mmoja wao.